Kahawa tungu na hoja za usiku: baraza la Kibokoni, Mombasa

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu huniuliza. Kikombe kimoja shilingi 10, kashata ya nazi shilingi 10, haluwa kwa kipimo chako. Kwa shilingi 50 nimekaa saa mbili u nusu nikisikiza watu wakijadili deni la taifa, bei ya mafuta na vita vya nchi ambazo hakuna kati yetu aliyewahi kuzikanyaga, nikarudi nyumbani nimeelewa jambo ambalo asubuhi sikulielewa. Nalitunuku baraza hili nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu nitakazozieleza mbele.

Liko Kibokoni, Mji wa Kale, kwenye kichochoro ambacho gari haliingii. Halina jina wala kibao. Ulizia kwa mzee wa dele, yaani birika la kahawa. Hufungua baada ya Maghribi, lakini mazungumzo hushika moto baada ya Isha watu wakitoka msikitini, na ikifika saa tano usiku mzee huwa ameshamwaga majivu. Ramadhani huanza baada ya tarawehe na kuendelea mpaka karibu na daku.

Kahawa yenyewe ni nzuri. Mzee huikaanga buni kwa mkono wake na kuitwanga, hanunui ya unga. Ina tangawizi ya kukuwasha koo na iliki ya kunukia tu. Sukari hakuna, na usiiombe. Utamu ni wa kashata. Dele ni la shaba, makaa yako chini yake muda wote, na vikombe ni vile vidogo vya kauri visivyo na mkono. Nimewahi kulipa shilingi 350 kwa kikombe katika mkahawa mmoja wa mjini wenye kiyoyozi, televisheni ukutani ikiwa na wachambuzi wanne waliokatizana saa nzima. Kahawa ile haikuwa mbaya, lakini nilitoka pale na hasira, sikutoka na habari.

Mimi ni mwanamke, kazi yangu ni klering, kuwatolea watu mizigo forodhani, katika bandari ya Kilindini, mwaka wa kumi na saba huu. Nililijua baraza hili kwa sababu ya mjomba. Alikuwa kuli bandarini tangu ujana wake. Sasa macho yamemwisha, na kahawa ya jioni hawezi kuiacha. Nilikuwa nikimshika mkono hadi barazani, kisha namngoja upande wa pili wa kichochoro, kwa mama wa karai anayeuza viazi, bajia na mahamri. Upande ule ndio wanawake hukaa. Hakuna aliyetoa amri, ndivyo ilivyozoeleka. Kutoka huku hadi kule ni hatua nne, kwa hivyo neno halipotei.

Usiku wa kwanza niliokaa mpaka mwisho ulikuwa mwanzoni mwa Machi 2022. Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine tarehe 24 Februari, na tarehe 2 Machi Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapiga kura ya kuitaka iondoe majeshi yake. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zikapinga, 35 zikajizuia. Kenya ilikuwa katika zile 141, Tanzania katika zile 35. Barazani alikuwepo mgeni wa Tanga, mfanyabiashara wa machungwa, wakamvaa: mbona nyinyi mwaogopa kusema? Akawajibu taratibu kwamba nchi yake ina desturi ya kutofungamana na upande wowote tangu enzi za Mwalimu Nyerere, na kwamba kujizuia si kukubali uvamizi. Mwalimu mmoja kijana akamletea maneno ya Balozi wetu Martin Kimani kule Baraza la Usalama, siku chache kabla ya vita, kwamba mipaka ya Afrika hatukuichora sisi, ila tuliamua kuishi nayo kuliko kumwaga damu tukiipangua. Hoja zilikuwa nzito pande zote mbili, na sauti zikaanza kupanda.

Mzee wa dele alikuwa akimimina tu. Akamgeukia mwalimu, akamuuliza: "Na wewe, mwanangu, limekufikiaje?"

Mwalimu alikwama. Aliyejibu ni mama wa karai, kutoka upande wetu, viganja vimejaa unga. "Mimi limenifikia kwenye gunia la ngano. Kila nikienda dukani bei si ile ya juzi. Sasa nyinyi mlioko karibu na New York niambieni, hamri nilipunguze au nilipandishe bei?"

Wanaume wakageuka wote. Nchi yetu huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, na Urusi na Ukraine zilikuwa miongoni mwa wauzaji wetu wakubwa. Hilo mwalimu alilijua vizuri, ila hakuwa amelikutanisha na hamri alilokuwa analitafuna. Yule wa Tanga akaingiza habari ya mbolea, kwamba nayo inatoka huko huko na wakulima kwao wanalia. Mpaka majivu yanamwagwa, mjadala ulikuwa umeshahama kutoka nani shujaa na nani mwoga ukafika kwenye swali la kwa nini nchi mbili zenye ardhi kama yetu zinangoja ngano ya Bahari Nyeusi. Kura ya Umoja wa Mataifa haikusahauliwa. Ilipata miguu ya kusimamia.

Swali lile, limekufikiaje, ndilo ninalolilipia hapa. Mzee halitumii kumnyamazisha mtu. Ukitaka kuzungumza Moscow au Washington, zungumza, atakumiminia. Lakini mapema au baadaye atakuuliza, na ukiwa huna jibu huaibishwi, hungojwa tu. Nimeona wanaume wakirudi siku ya pili na jibu.

Zamu yangu ilifika Januari 2024. Tangu Oktoba 2023 haukupita usiku bila Gaza kutajwa. Watu walikuwa na uchungu wa kweli, dua ilisomwa kabla ya kikombe cha kwanza, na kuna mzee aliyekuwa akilia waziwazi na hakuna aliyemwambia anyamaze. Kisha Wahuthi, wapiganaji wa Yemen, wakaanza kuzishambulia meli katika Bahari ya Shamu, wakisema ni kwa ajili ya Gaza. Tarehe 19 Novemba waliiteka meli ya Galaxy Leader, na kufikia Desemba makampuni makubwa ya meli yalikuwa yanazungusha meli zao kupitia Rasi ya Tumaini Jema, huko kusini mwa Afrika. Barazani vijana waliwasifu Wahuthi. Wengine walisema njia ile ile ndiyo inayopitisha chakula cha Wayemeni wenyewe. Mmoja akasema meli za matajiri zatuhusu nini sisi.

Mjomba akainua fimbo yake. "Mpwa wangu yuko bandarini. Muulizeni yeye."

Nilivuka zile hatua nne kwa mara ya kwanza. Niliwaeleza habari ya mteja wangu mmoja, mwenye malori ya kwenda Uganda, aliyekuwa na kontena la spea za trela kutoka Hamburg. Meli yake ilizungushwa kusini, ikachelewa zaidi ya wiki mbili. Nauli ikaongezwa, bima ya vita ikaongezwa. Hapo wengi waliitikia kwa kichwa, hilo lilieleweka. Nililotaka walijue ni la forodhani. Ushuru wa mzigo wa baharini hautozwi kwenye bei ya bidhaa peke yake. Hutozwa kwenye bei pamoja na nauli na bima ya kuufikisha Mombasa. Nauli ikipanda, ushuru nao hupanda, na spea ni zile zile, hata msumari mmoja haujaongezeka. Kisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inakaa juu ya yote hayo. Na hesabu nzima hupigwa kwa dola, ambayo mwezi ule ilikuwa karibu shilingi 160. Kwa hivyo kombora lililorushwa karibu na Bab el Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, linaiingizia serikali ya Kenya ushuru zaidi bila Bunge kupitisha kitu.

Kijana aliyewasifu Wahuthi hakubadilisha rai yake, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema: "Kama hiyo ndiyo gharama ya mtu kuwakumbuka watu wa Gaza, mimi nitailipa." Dereva mmoja akamjibu: "Wewe walipa kwa mdomo. Mimi nimekaa wiki tatu bila safari, na watoto hawajui Bab el Mandeb ni nini." Wote wawili walikuwa wakweli. Hawakukubaliana, na sidhani wangekubaliana hata tungekesha. Mzee akanimiminia kikombe bila kuniuliza, na mjomba akanilipia.

Usiku ninaoukumbuka kuliko zote ni ule wa Jumatano tarehe 26 Juni 2024, lakini lazima nianze nyuma kidogo. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulikuja na VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia, na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Mama wa karai alichukua kaa la moto uliozimika akaandika hesabu yake ukutani. Mtungi wa mafuta wa lita 20 humfikisha siku nne. Akaonyesha bei ikipanda anabaki na ngapi baada ya viazi, ngano, makaa na kodi ya chumba. Kilichobaki hakikutosha karo ya mwanawe. Wazee walivuka kwenda kuisoma hesabu ile mmoja mmoja, wengine kwa tochi ya simu. Nimesoma maelezo mengi ya mswada ule na sijaona yaliyoeleza vizuri kuliko ule ukuta.

Tarehe 18 Juni wabunge wa kamati ya fedha waliyaondoa hayo matatu. Baadhi ya wazee wakasema basi, yametolewa, vijana watulie. Vijana wakasema yaliyobaki bado mengi, na zaidi ya hapo hawaamini tena. Jumanne tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bungeni Nairobi, risasi zikalia, na hata hapa Mombasa barabara zilijaa. Usiku ule mzee hakufungua. Sijawahi kuona akifunga pasipo msiba, na kwa kweli msiba ulikuwepo.

Siku ya pili Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada ule. Barazani hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Wengi walikuja na furaha ya ushindi, wengine na macho bado mekundu kwa gesi. Kijana mmoja akaleta jambo ambalo siku ile wengi hawakuwa wameliona: Jumanne ile ile, polisi wetu wa kwanza, kama 400 hivi, walikuwa wametua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, kupambana na magenge. Baraza la Usalama lilikuwa limeidhinisha kikosi kile Oktoba 2023, na Kenya iliahidi polisi 1,000. Hoja zikatoka pande zote. Wengine walisema Haiti ni watu weusi ndugu zetu, taifa lililojikomboa kwa jasho lake, na magenge yamewamaliza. Nani aende kama si sisi? Wengine wakasema twapeleka usalama ng'ambo na nyumbani hatuna. Mwalimu akauliza nani analipa, na pesa zikikatika nani atawarudisha.

Mzee wa dele hakumuuliza mtu swali lake usiku ule. Aliyelijibu alijibu bila kuulizwa. Ni mzee mmoja mnyamavu, hukaa pembeni na tasbihi yake, na mjukuu wake ni polisi. Alisema: "Mimi limenifikia nyumbani. Jana niliinua mikono kumwombea yule kijana, nikashindwa kujua niombe asipigwe jiwe au niombe asipige risasi." Kisha akasema kuhusu Haiti: "Somalia tuliingia Oktoba 2011. Nani aliyetuambia tutatoka lini?"

Palikuwa kimya hata makaa yalisikika. Kijana mwenye macho mekundu akaondoka alipokuwa, akaenda kukaa karibu naye. Hawakusema kitu, walikunywa kahawa tu. Kufikia tarehe 1 Julai Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 vya maandamano, na tarakimu ile iliposomwa barazani yule mzee aliomba isomwe tena.

Kuna mengine nitayapita haraka. Suala la dola lilitushika siku tatu: Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kulipa sehemu ya lile deni la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni, na shilingi ikapanda nguvu mpaka dola ikawa kama 130. Basi mbona bei nyingi madukani hazikushuka? Rai yangu, na niliisema, ni kwamba mwenye duka aliyenunua dola ikiwa 160 hashushi bei kwa hiari, hushusha jirani yake akishusha. Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mashariki mwa Kongo, tulikuwa na muuza vitenge wa Bukavu, na Kiswahili chake cha Kongo kilitufanya tusikize kwa makini zaidi, maana kila neno ni letu na bado lina safari yake. Mwezi uliofuata mji wake nao ukaanguka. Hakuja barazani kwa siku nyingi, na aliporudi mzee alikataa pesa yake.

Na ujue mapema kwamba wazee wataurudisha mjadala kwenye Mwambao, ule ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, na makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Kenyatta, waziri mkuu wetu wakati ule, na Shamte, mwenzake wa Zanzibar, ya kuuingiza ukanda ule Kenya. Wageni huchoka. Mimi nimeacha kuchoka, kwa sababu hati za ardhi ni jambo ambalo kwa watu hawa halijaisha, na kila kodi mpya wanaisikia kupitia kwalo.

Sasa kasoro. Vikombe vyote husuuzwa kwenye ndoo moja, na maji yake hayabadilishwi mara kwa mara kama inavyofaa. Nimemwambia mzee kwa adabu, ameanza kuleta ndoo ya pili, ila si kila siku. Mvua ikinyesha hakuna pa kujificha. Wapo vijana wanaowapiga wenzao video bila idhini. Mzee huwakemea, lakini haoni wote. Na kuna jioni mheshimiwa mmoja alileta watu wake na noti mpya, akataka kuwanunulia wote kahawa na kuzungumza peke yake. Mzee alimpa kikombe kimoja, akachukua shilingi 10, akamrudishia chenji yote. Hilo si kasoro, nimeliandika hapa kwa sababu ajaye naye apate kujua.

Kasoro inayoniuma ni ya zile hatua nne. Mama wa karai anajua bei za mji huu kuliko mtu yeyote barazani. Wapo dada zetu wanaokuja pale waliofanya kazi za nyumbani Saudia miaka mingi, na wanaposema mambo ya Ghuba wanasema walichokiona. Lakini wao huongea wakiwa wamesimama, karai mkononi, na mwanamume akianza kusema huku wao hukatika katikati. Mimi nilivushwa kwa sababu mjomba aliinua fimbo. Ambaye hana mjomba avushwe na nani? Jambo hili nililisema barazani Shaaban iliyopita, wazi, mbele ya wote. Wawili walinuna. Mzee wa tasbihi alisema nina haki.

Tangu hapo mzee wa dele ameanza kumimina akianzia upande wetu, na akiuliza limekufikiaje huangalia huku pia. Fundi mmoja wa Kuze ametutengenezea benchi la mbao za paleti, limepigwa msasa vizuri, halichani nguo. Linaenea watu sita. Jumatano iliyopita tulikuwa tisa, basi ukija njoo na kigoda chako.